Mume Wangu Ameingiza Mashine ya Chuma Chumbani, Kitanda Kikatoka

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu za mtu aliyechoka, na msaada ninaouomba ni wa haraka kwa sababu Jumamosi inakuja, ila tafadhali usiniambie nivumilie, uvumilivu ninao, umejaa mpaka unamwagika, ninachotaka ni mtu wa kuniambia ndiyo au hapana kuhusu jambo ambalo mimi na shemeji yangu tumelipanga na ambalo mume wangu halijui.

Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko sebuleni karibu na dirisha, na mume wangu ni fundi wa kukereza vyuma, yaani chuma kinafungwa kwenye mashine, kinazunguka, na yeye anakichonga mpaka kinakuwa duara safi, ndiyo kazi aliyoifanya tangu hajanioa, katika karakana moja, na pale walikuwa wakisema kitu akikipima yeye hakipimwi tena. Sasa mwaka jana akaacha kazi. Hakufukuzwa, aliacha mwenyewe, alirudi nyumbani mchana akavua buti mlangoni akasema nimechoka kutumwa kama mtoto, nitafungua karakana yangu hapa hapa, nikamwambia sawa, baba watoto, maana mtu mzima hujui kinachomkera huko aendako, na mimi nilifikiri atanunua vitu vya mkononi, tupa, msumeno, jiliwa, kumbe mwenzangu moyo wake uko kwenye mashine nzima.

Akasikia kuna mzee anauza mashine ya kukereza kuukuu, imekaa ghalani chini ya turubai, akaniambia twende wote. Mshauri, nisikufiche, nilifurahi, maana hajawahi kuniita kwenye mambo yake ya vyuma hata siku moja, nikavaa gauni langu zuri kama niendaye harusini, kumbe naenda kushika tochi. Mzee akafunua turubai, vumbi likatuingia puani, na mume wangu hakuiangalia ile mashine kama watu wanavyoangalia kitu cha kununua, aliweka mkono tu, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya zile reli mbili ndefu za chini ambazo wao mafundi wanaziita kitanda, akawa anatembea na ukucha wake taratibu huku uso ameuinua kama anasikiliza redio.

"Kitanda kizima," akasema.

"Nilikuambia," mzee akajibu. "Mimi siuzi vitu vya uongo."

Ubavuni kulikuwa na kibati kimepigwa ribiti, kina maandishi, mume wangu akaniambia nisomee hapo, mikono yangu ina grisi, nami nikasoma, namba kubwa kubwa nilizisoma kwa sauti, vialama vidogo vya pembeni nikaviruka, mimi ningejuaje ni vya nini, naye hakuniuliza, wakapeana mikono na mzee na kiinua mgongo chake chote kikaishia pale, kwenye chuma ambacho baadaye kilitaka kuwavunja watu migongo.

Siku ya kuileta, weee, acha tu. Shemeji, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyetafuta lori, na dereva anaitwa Taratibu, jina ambalo wamempa kwa kumsuta maana anaendesha kama anafukuzwa, lakini siku ile hata yeye alitambaa, mashine imefungwa minyororo, kila kwenye tuta inalia kama ng'ombe, na watoto wa mtaa wote nyuma. Wapagazi wakaishusha kwa mbao na mitaimbo, wakaitandikia mabomba ya kuviringishia, mmoja anachukua bomba la nyuma analikimbiza mbele, hivyo hivyo, hatua kwa hatua, na mume wangu kaweka kiganja juu yake muda wote anasema polepole, polepole, kushoto, mwacheni apumue, ndiyo, alisema "apumue", kama mgonjwa.

Iingie wapi? Kwenye chumba cha uani, alishapima. Alipima mlango kwa futi mbele yangu, akapima ujia, akaniambia itapita na nafasi ya ngumi itabaki. Haikupita. Ilifika kwenye mlango ikakwama, na si kukwama kwa kusukuma kidogo, ilikosa upana wa kiganja kizima. Shemeji akachukua futi, akapima, akapima tena, akamwuliza, "Kaka, hivi ulipimaje hapa?" Mume wangu akamrukia, "Leo unanifundisha mimi kupima?" Wapagazi wakatazama chini, jua linawaka, na mashine imeziba ujia, jirani hawezi kuingia kwake wala kutoka.

Ndipo Taratibu akasema penye nia pana njia na pasipo na njia pana nyundo. Ukuta pekee ambao mashine ingeweza kupitia kutoka barabarani ni ukuta wa chumba chetu cha kulala, chini ya dirisha. Mshauri, wakauvunja. Niliona pazia langu nililolishona mwenyewe likiingia ndani ya vifusi. Kitanda chetu kikafunguliwa, kikaegemezwa ukutani kwenye ujia, vipande vipande, na kitanda chake cha chuma kikaingia. Lile tobo limezibwa kwa mabati mpaka leo. Mimi nalala sebuleni kwenye godoro, miguu yangu chini ya meza ya cherehani, na yeye anatandika mkeka kule kando ya mashine, ati anailinda na wezi, kana kwamba kuna mwizi wa kuibeba begani.

Na haizunguki! Ukicheka sitakulaumu. Kumbe ni mashine ya umeme wa viwandani, ule wa nyaya tatu, nyumba yetu ina umeme wa kawaida, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kile kibati, kwenye vile vialama nilivyoviruka. Shemeji alipoligundua, mume wangu alikaa chini tu. Basi shemeji akahangaika mpaka akapata fundi umeme wa kubadilisha mota iendane na umeme wa nyumbani, kazi ya siku moja tu, lakini kila akija mume wangu anamrudisha, mara mashine haijakaa sawa, mara rudi wiki ijayo, fundi wa watu kachoka. Yeye shughuli yake ni kuipaka mafuta na kuizungusha kwa mkono, jioni giza linaingia na taa hawashi, ukipita mlangoni unasikia tu ile sauti, kwi, kwi, kwi. Nikimwuliza unafanya nini gizani ananiambia namzoea.

Lakini hayo yote ningeyabeba. Kilichonimaliza ni kitu kidogo, hata naona haya kukiandika. Miaka yote ya ndoa yetu, jioni akitoka kazini, alikuwa ananawa mikono, anavuta kigoda anakaa karibu yangu, ananitungia uzi kwenye sindano. Mimi macho yangu yakishatazama mshono kutwa huwa yamekufa, yeye anachukua sindano moja moja, analamba uzi, anapitisha mara moja tu, anazichomeka kwenye kimto changu, nyeusi, nyeupe, nyekundu, za kazi ya kesho, huku ananitania kwamba yeye ndiye fundi wa chuma kizito na chuma chepesi. Hatukuwa watu wa maneno matamu, ndiyo hayo yalikuwa maneno yetu. Sasa nikimpa sindano anairudisha. Mara ya mwisho alinijibu, "Tunga mwenyewe, kwani mimi fundi cherehani?" Na juzi nilikuwa nimetandaza kitambaa cheupe cha mteja sakafuni nakikata, akatoka chumbani akapita juu yake na viatu vya mafuta, toka pembe hii mpaka pembe ile, hakuruka, hakusimama, hakusema hata samahani. Nilipopiga kelele akashtuka kama mimi ndiye niliyemkosea. Siku hiyo nililia. Nikasema basi, huyu mtu ameshaniacha, bado kuniambia tu.

Shemeji akanikuta nalia, akasema shemeji, mashine hii itakuua. Ndipo tukapanga: Jumamosi yeye atamtoa kaka yake, watakwenda kumtazama rafiki yao wa zamani, na huku nyuma watakuja watu wa chuma chakavu, wataikata vipande na kuibeba, akirudi atakuta chumba kitupu na kitanda chetu kimefungwa mahali pake. Nimekubali kwa mdomo. Moyo haujakubali, lakini umechoka. Niambie, mshauri, niwafungulie mlango hao watu? Au niwaachie nyumba, yeye na mashine yake, niende kwa dada yangu nikapumzike?

Wako,
Mwenye Godoro Sebuleni

MSHAURI ANAJIBU:

Mwenye Godoro, jibu ni hapana. Mpigie shemeji yako sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, umwambie watu wa chuma chakavu wasikanyage mlangoni kwako. Haya, umeshapiga? Tuendelee.

Pole sana. Kulala na miguu chini ya meza ya cherehani si maisha ya mke wa mtu, na ukuta wa chumba haubomolewi bila mwenye chumba kuulizwa. Hilo mumeo amekukosea na siku yake ya kuambiwa itafika. Nami nisikufiche, nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilimkasirikia mpaka nikaiweka kando. Nikanywa maji. Nikaisoma tena, na mara ya pili nikashtuka, maana uliniandikia kisa cha mume aliyekuacha, na kilichomo humo ndani ni kingine kabisa.

Hebu turudi pamoja. Mtu ambaye kitu akikipima hakipimwi tena, amepima mlango wa nyumba yake mwenyewe na kukosea kiganja kizima. Mtu aliyezeeka na mashine ananunua mashine kwa kusomewa kibati na mkewe, eti mikono ina grisi. Dada yangu, grisi huzuia macho? Tena hajawahi kukuita kwenye mambo ya vyuma hata siku moja, na siku ile akakuita. Wewe ukavaa gauni. Kitambaa cheupe kimetandazwa sakafuni anapita katikati yake, na unapopiga kelele anashtuka. Jioni anakaa bila taa. Na sindano anakurudishia.

Hakukataa kukutungia uzi, mama. Hawezi. Mumeo haoni vizuri.

Mimi si daktari, na ninaweza kukosea. Ila nakwambia nionavyo: huyu hakuchoka kutumwa kama mtoto. Alianza kukosea vipimo, akaona bora atoke kwa miguu yake kuliko siku moja wamrudishie chuma mbele ya vijana na kumwambia hiki umekiharibu. Akanunua mashine ya kukaa nayo nyumbani, mahali ambapo hakuna wa kukagua kazi yake. Vidole vyake vinaijua hiyo kazi, anadhani vitamtosha. Ndiyo maana anaizungusha gizani, anajifunza kufanya kazi bila macho. Na ndiyo maana fundi umeme anarudishwa kila wiki, kwa sababu siku mashine itakapozunguka kwa umeme, ama ataumbuka au ataumia, na yeye analijua hilo kuliko mimi na wewe na shemeji yako tukijumlishwa. Jina la jambo hilo ni woga. Dharau haimo.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Fundi umeme naye asije. Kila nyumba ina shemeji mmoja mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, na huyu wako angefaulu kumletea kaka yake mota, hivi sasa ungekuwa unaniandikia kuhusu mkono. Mashine ile ikizunguka haijui shati wala kidole, inavuta tu. Mwambie shemeji asubiri, asiulize, na yale maneno yake ya "kaka, ulipimaje" ayameze.

Nawe nikuseme kidogo, halafu nikuache. Umekaa sebuleni ukimwekea mwenzio makosa kama mtu anayepanga kuni, moja juu ya jingine, na hukuligeuza hata moja kuona upande wa pili. Sindano ikirudi mara moja, umeudhika, sawa. Ikirudi kila jioni, kwa mtu aliyekutungia miaka yote hiyo, unauliza. Yeye naye kosa lake ni hilo hilo, kanyamaza. Mmefanana, ndiyo maana mmedumu.

Sasa la kufanya. Usimwendee na "najua unachonificha". Mwanamume wa aina hiyo ukimwambia twende ukapimwe macho, ataona afadhali akalale juu ya hiyo mashine. Lakini anayekataa kupelekwa hospitali hakatai kumsindikiza mkewe. Macho yako wewe mwenyewe umeniandikia kwamba jioni yanakuwa yamekufa, basi si uongo, nenda ukapimwe, na yeye akusindikize. Mkifika dirishani andikisha majina mawili. Akikutolea macho mwambie foleni ni ile ile. Huenda ni mtoto wa jicho, na huyo watu wengi hutolewa wakaona tena. Huenda ni jambo zito zaidi, na hapo mtamsikiliza daktari, mimi nitanyamaza. Likiwa lolote, mashine ni yake na kuiuza au kuibakiza mtaamua mkiwa mmekaa wawili, yeye akiwa anajua na wewe ukiwa unajua. Akiamua iende, aiage. Mtu haporwi kazi yake Jumamosi moja kama anayeibiwa kuku.

Na kitanda chenu kisiendelee kuegemea ujiani. Mlango wa chumba cha uani umekataa mashine, haukukataa kitanda, tena kiko vipande. Kiingizeni, kifungeni, mlale huko nyote wawili. Wezi wa kubeba hiyo mashine hawajazaliwa, wewe mwenyewe umesema.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wewe unayo, na imebidi uambiwe. Basi jioni ya leo usimpe sindano. Vuta kile kigoda chake ukikalie wewe, lamba uzi, tunga sindano zote za kesho, na zikikusumbua zikusumbue huku anasikia. Akikuuliza unahangaika na nini, mwambie, "Macho yangu, mume wangu. Kesho nisindikize, naogopa kwenda peke yangu."